Aliyeitika Kutoka Omo

Betri ya taa za boti ni nzito kama mtoto anayekataa kwenda shule. Bi Mdogo aliikumbatia kifuani, kapu la chakula likining'inia kwenye kiwiko, akashuka ngazi za gati akinung'unika peke yake. Jua lilikuwa halijazama bado, ila mawingu yalikuwa yameshalikalia. Maji ya ghuba yalikuwa kimya, rangi ya sufuria kuukuu.

Bi Mdogo. Hebu tuanze na jina hilo, maana ndilo lililokuwa likimchoma kuliko hata betri.

Mdogo kwa nani? Nyumbani kwake alikuwa mke mmoja, mwenye cheti cha ndoa kabatini. Mke mwenza hakuwepo. Aliyekuwepo ni marehemu. Na marehemu, kwa akili ya mtu yeyote ambaye hajalewa, hapiki, hafui, wala halali upande wa ukutani. Lakini mtaa mzima, kuanzia mama mkwe hadi muuza mkaa, walimwita Bi Mdogo kwa sababu kabla yake alikuwepo mwingine. Na huyo mwingine hawakumtaja kwa jina. Walisema Marehemu, basi, kana kwamba tangu dunia iumbwe amekufa mtu mmoja tu.

"Mpelekee mwenzio betri," mama mkwe alikuwa amemwambia kwenye simu. "Dhoruba inakuja na yuko botini bila taa. Marehemu asingengoja kuambiwa."

"Ndiyo mama," alijibu. Alipokata simu akaumalizia ukuta sentensi yake.

Na wale wenye kudai kwamba wivu ni maradhi ya wanawake watulie kidogo. Wajiulize wangefanya nini kama kila mawingu yakikusanyika, mume anakunja blanketi na kwenda kulala kwenye boti alimofia mke wake wa kwanza. Si usiku mmoja. Kila mawingu. Nyumbani kuna kitanda, kuna mke, kuna bati lisilovuja. Yeye anakwenda kulala juu ya maji. Ukimuuliza, anasema, "Boti haiachwi peke yake kwenye upepo." Akirudi, amelala vizuri. Hilo ndilo lililouma. Angerudi amechoka, angemsamehe.

Leo Bi Mdogo alikuwa na nia moja tu: kurudi naye. Arudi naye leo hii, mawingu yakiwa juu, au asimrudie tena kabisa.

Kwenye gati alimkuta fundi wa injini, rafiki wa mumewe, ambaye watu walimwita Spana.

"Bi Mdogo! Unamfuata bwana mpaka huko huko?"

"Nampelekea betri, shemeji."

"Betri sawa. Na hilo gauni jipya nalo ni la betri?"

Nusura acheke. Spana alimpokea mzigo, akamsaidia kuingia kwenye kiboti cha mpira, akavuta kamba ya injini. Boti ya matanga ilikuwa imetia nanga mbali kidogo, katikati ya ghuba, nyeupe, mlingoti wake mmoja ukionekana kama sindano iliyochomekwa mawinguni.

"Upepo huu ukigeuka sirudi kukuchukua," alisema Spana. "Sikutishi. Nakwambia tu."

"Usirudi. Tutarudi wote kwa kiboti chake."

Spana akakielekeza kiboti kwenye ile boti nyeupe.

Nahodha alikuwa amesimama pembeni mwa boti akiwasubiri. Hivyo ndivyo kila mtu alivyomwita mumewe, na hata yeye alikuwa amezoea. Mrefu, mpole, mwenye macho ya mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili. Aliinama kuipokea betri. Wakawa wameishika wote wawili, mmoja juu mmoja chini, na Bi Mdogo, ambaye tayari alikuwa na mguu mmoja ndani ya boti, akasema:

"Achia, nimeshika."

Nahodha hakuachia. Kwanza aligeuka akatazama mbele ya boti, kule kulikofungwa kamba ya nanga. Akatazama kwa muda. Kisha ndipo akamrudia mkewe.

"Hatusemi hivyo humu," alinong'ona.

"Hatusemi nini?"

"Hilo neno. Boti ikiwa kwenye nanga. Sema toa mkono, sema legeza, sema lolote."

Spana akacheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha juu juu. "Kweli, shemeji. Mimi nikiwa kazini mke wangu hanipigii simu kusema nimwachie ufunguo kwa jirani. Anasema nimwekee. Mabaharia wote ndivyo tulivyo. Hilo ni neno la amri ya kufungua nanga, na juu ya maji amri haiulizi aliyekusudiwa ni nani."

Kisha akageuza kiboti, akaondoka kwa kasi ambayo Bi Mdogo aliiona haina adabu.

*

Chumba cha chini kilikuwa kidogo, safi kupita kiasi. Kitanda kimoja chembamba. Jiko la gesi. Rafu yenye vikombe viwili... Viwili! Na mahali palipostahili kuwekwa ramani au dawa ya mbu, palipangwa vyombo vya kazi vya Marehemu, aliyekuwa mshona matanga: sindano nene za pembe tatu, kile kiganja cha ngozi ambacho washonaji huvaa mkononi ili kusukuma sindano, na donge la nta ya nyuki ya kupaka uzi. Chumba chote kilinuka nta. Harufu tamu, nzito, kama ya chumba alichotoka mtu sasa hivi.

"Nimekuja kukuchukua," alisema Bi Mdogo.

"Dhoruba ikipita."

"Hapana. Kabla."

"Mke wangu..."

"Yupi?"

Nahodha alikaa kitandani. Aliufungua mkate, akaukata, akamkatia na yeye. Alikuwa mtu wa kukusikiliza mpaka hoja zako ziishe, halafu afanye vile vile alivyotaka kufanya.

"Nataka mume anayelala nyumbani," alisema Bi Mdogo. "Hebu niambie, hiyo ni tamaa? Ni kiburi? Nimeomba mwezi?"

"Ungekuwa mwanasheria wewe."

"Ningekuwa mwanasheria ningekushtaki. Shahidi wangu wa kwanza angekuwa mto wako. Angesema hakujui."

Nahodha alitabasamu. Kisha tabasamu likazimika, akainua kichwa.

Boti ilikuwa imegeuka. Taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani. Vikombe viwili vikagongana kwenye rafu, ting. Mwanga wa dirishani ukawa wa kijani.

Halafu upepo ukaja wote kwa pamoja.

Haukuanza kidogo kidogo ukaongezeka. Ulikuja kama lori lililokatika breki. Boti ililala ubavu, kapu likaruka, mayai yakapasuka ukutani. Juu, nyaya za mlingoti zilianza kulia, sauti nyembamba inayopanda na kupanda bila kuvuta pumzi. Nahodha alishamvisha jaketi la kuokolea kabla hajajua anavishwa nini; alikuwa angali na mkate mdomoni.

"Nisikilize," alimwambia sikioni. "Kiboti cha mpira hakiwezi kutufikisha popote sasa. Tunabaki hapa, na kinachotuweka hapa ni nanga peke yake. Nyuma yetu kuna mawe. Nanga ikishika, tutaamka salama. Mimi nakwenda omo, mbele kabisa, kuiangalia amari." Amari ndiyo kamba nene ya nanga. "Wewe kaa tezi, nyuma, ushike usukani unyooke. Kila mara ita 'Omo!' Ukisikia 'Imeshika,' ujue nanga imeshika."

"Nisiposikia?"

"Utasikia."

"Nikuite kwa jina lako, angalau nijue ni..."

"Hapana. Ita mahali. Anayeitika ni aliyepo."

*

Mvua ilikuwa ikipita kwa ubavu, haishuki. Giza liliingia kabla ya zamu yake. Bi Mdogo alikaa tezi, miguu ameikaza ukutani, usukani ukimtikisa mabega. Alimwona Nahodha akitambaa kuelekea mbele, mgongo, kisha kisigino, kisha hakuonekana tena. Taa ya betri mpya ilimulika mlingoti na kipande cha sakafu tu. Zaidi ya hapo palikuwa ukuta mweusi unaonguruma.

"Omo!"

"Imeshika!" Sauti ya mumewe.

Wimbi. Boti ikapanda, ikasita, ikaanguka kwa kishindo.

"Omo!"

"Imeshika!"

Alianza kuzoea. Binadamu ni wa ajabu. Katikati ya woga wote ule akapata nafasi ya kuona wivu: hivi ndivyo walivyokuwa wakiitana Nahodha na Marehemu. Yule mbele, huyu nyuma. Wakiulizana na kujibiana gizani, boti nzima yao peke yao. Yeye na Nahodha, tangu waoane, hawajawahi kuulizana jambo mara nyingi namna hii.

"Omo!"

Kimya. Upepo.

"Omo!"

"...Imeshika."

Sauti ilikuwa nyembamba zaidi safari hii. Aliulaumu upepo. Umempasua koo, maskini. Lakini upepo uleule ulileta kitu kingine, kikapita usoni mwake kikiwa cha uvuguvugu katikati ya mvua baridi.

Nta.

Na sauti. Chini ya mngurumo, chini ya kilio cha nyaya, sauti ndogo isiyo na haraka. Shrrr... Kimya. Shrrr... Kama uzi mrefu unaovutwa kupita kwenye turubai.

"Omo!" aliita, kwa nguvu zaidi.

"Imeshika." Tulivu kabisa. Karibu ya upole.

"Uko salama?"

Hakujibiwa. Hilo halikuwa swali la utaratibu.

Kifuniko cha chumba cha chini, kilichokuwa hatua chache mbele ya magoti yake, kilifunguka. Kichwa kikatokea. Mabega. Mikono imekumbatia rundo la matambara.

Nahodha.

"Amari inasuguliwa," alisema akihema. "Nimeshuka kwa mlango wa mbele kutafuta vitambaa vya kuivika. Umeita nikiwa chini?"

Bi Mdogo alimtazama.

"Umeita?" alirudia Nahodha.

"Nimeita."

"Na..."

"Nimeitikiwa."

Mumewe hakushtuka. Hapo ndipo damu ya Bi Mdogo ilipoganda, kwa sababu hakushtuka. Mabega yake yalishuka kidogo, kama ya mtu aliyepokewa mzigo.

"Basi yuko," alisema.

*

Nahodha alimweleza kwa kunong'ona, mdomo sikioni, huku mawimbi yakiwamwagia maji mgongoni. Siku ile ya msiba walikuwa hapa hapa, upepo kama huu. Marehemu alikuwa omo, yeye tezi. Aliita, akaitikiwa. Aliita, akaitikiwa. Kila alipoita, aliitikiwa, mpaka upepo ukaisha. Ndipo alipokwenda mbele kumkumbatia.

"Hapakuwa na mtu," alisema Nahodha. "Sijui aliondoka saa ngapi. Lakini aliitika mpaka mwisho, na nanga ilishika. Tangu hapo kila upepo huja. Hushika. Ndiyo maana silali nyumbani, mke wangu. Nisipokuja, nani atamwita?"

Bi Mdogo alipandwa na hasira. Woga ulikuwepo, ndiyo, lakini ulisukumwa pembeni.

"Kwa hiyo tuko watatu," alisema.

"Asingekuwepo tungekuwa kwenye mawe."

"Miaka yote hii nimepika, nimefua, nimemuuguza mama yako, na nimeitwa Mdogo. Nikadhani nashindana na kumbukumbu. Kumbe nashindana na mtu mwenye ratiba!"

"Usipige kelele."

"Anasikia?"

"Yeye ndiye aliyekuleta kwangu," alisema Nahodha. "Usisahau. Akiwa hai, yeye ndiye aliyekuita uje kupaka rangi boti hii. Hukuwa unanijua, sikuwa nakujua. Mwambie asante, tukae kimya, upepo upite."

Asante! Mtu aambiwe aseme asante. Yupo mwanamke gani, mniambie, ambaye angeambiwa hivyo mahali pale, akiwa ameloa mpaka mifupani, akatii?

Alisukuma usukani mikononi mwa mumewe, akalala kifudifudi, akaanza kutambaa kwenda omo.

Sakafu ilikuwa na utelezi wa mafuta ya samaki. Alishika kila alichokipata: waya, chuma, ukingo. Nyuma yake Nahodha aliita kitu, upepo ukakimeza. Harufu ya nta ilizidi kila alivyosogea. Ile shrrr, shrrr, ikanyamaza, kama mtu anayeweka kazi chini mgeni akibisha hodi.

Radi ikapiga.

Hapakuwa na mtu omo.

Palikuwa na mikono.

Miwili. Ilitokea nje ya boti, upande wa maji, ikapita juu ya ukingo hadi kwenye viwiko. Ilikuwa imeishika amari. Haikuwa ikihangaika wala kutetemeka. Iliishika kama unavyomshika mtoto mkono mkivuka barabara. Wa kulia ulikuwa umevaa kiganja cha ngozi. Wa kushoto...

Radi nyingine.

Wa kushoto ulikuwa na pete. Pete ya fedha iliyosokotwa kama kamba, yenye fundo dogo juu.

Bi Mdogo alitazama kidole chake mwenyewe. Fedha iliyosokotwa. Fundo dogo juu. "Nimeichora mwenyewe," Nahodha alikuwa amemwambia siku ya ndoa. "Duniani iko moja tu."

Hapo woga ulimtoka wote, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Kilichobaki kilikuwa kikavu, cha moto, na kilikuwa na haki. Hilo alilijua kwa hakika kuliko alivyowahi kujua jambo lolote. Alikuwa na haki. Akausogeza uso wake karibu na ile mikono, karibu kabisa, akanong'ona:

"Mwachie."

Alisema *mwachie*. Mtu, si kamba. Angeweza kuapa mahakamani.

Mikono haikusogea. Kisha kidole kidogo kikainuka. Kikafuata cha pete. Cha kati. Kimoja kimoja, taratibu, bila kinyongo, kama mtu aliyekuwa amesubiri muda mrefu sana aambiwe. Vikafunguka vyote. Mikono ikarudi nyuma juu ya ukingo, ikazama bila hata kurusha tone.

Amari ililegea.

Boti yote ilipumua.

Kutoka tezi Nahodha alipiga ukelele. Aliita jina. Bi Mdogo alikuwa hajalisikia jina hilo tangu aolewe, kwa kuwa watu wote walisema Marehemu tu, lakini alilitambua papo hapo, na halikuwa lake. Hilo ndilo lililokuwa neno la mwisho la mumewe usiku ule. Boti iligeuka ubavu kwa upepo, kamba iliyofunga mti wa tanga ikakatika, na ule mti ukafagia kutoka upande mmoja hadi wa pili, ukimpitia Nahodha kichwani.

Kishindo kilikuwa kidogo tu. Kama mtu anayefunga mlango asiwaamshe wengine.

*

Hawakugonga mawe. Hakuna anayejua kwa nini. Boti ilielea ubavu ubavu ikayapita, ikaenda kukaa kwenye matope ya upande wa pili, imeinama kama kuku anayelalia mayai. Asubuhi Spana aliwakuta, Bi Mdogo amekipakata kichwa cha mumewe, akimpepea mtu aliyekuwa akitetemeka kwa baridi.

Spana ndiye aliyeivuta amari kutoka majini. Aliivuta yote. Akalitazama lile pindo lililokuwa limefungwa kwenye nanga, akaligeuza, akalitazama tena. Halikukatika. Halikuwa hata limechanika. Bado lilikuwa na mikunjo ya fundo.

"Fundo hili likiloa halifunguki," alisema. "Hata mimi nikitaka kulifungua natumia chuma." Akamtazama Bi Mdogo. "Nani alilifungua?"

"Upepo."

Spana akaizungusha kamba, akaiweka chini, akanawa mikono.

Daktari alisema ni mtikisiko wa ubongo. Alisema kwa kijana kama huyu kumbukumbu hurudi, watu wawe na subira. Na kweli, Nahodha alipofumbua macho alimjua mama yake, akamuulizia goti lake. Alimjua Spana, wakataniana. Alizijua kamba zote, na vina vya ghuba. Mama mkwe, machozi yakimtoka, akamwonyesha picha kwenye simu: mwanamke aliyeketi juu ya tanga jeupe, sindano mkononi, anacheka.

"Huyu?"

Nahodha aliitazama kwa adabu.

"Simjui, mama. Ni nani?"

Bi Mdogo alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda. Mungu amsamehe, moyo wake uliruka. Uliruka kama wa msichana. Yamekwisha! Alitaka kukimbia nje akawaambie wauguzi wote. Badala yake akamimina maji kwenye glasi, akamsogezea mumewe mdomoni, na yeye akanywa, akamtazama kwa macho yale ya upole.

"Asante, nesi," alisema.

Wote wakacheka. Bi Mdogo peke yake hakucheka.

*

Siku hizi Nahodha analala nyumbani kila siku, jua liwake au upepo uvume. Boti imeuzwa. Yeye ni mgeni mzuri sana. Hubisha kabla ya kuingia chumbani. Hukunja shuka lake mwenyewe, analala upande wa ukutani, hageuki. Humwita mkewe "dada," na akikumbushwa huomba radhi kwa haraka, "samahani, ndiyo, wameniambia." Cheti cha ndoa alikisoma kama mtu anayesoma tangazo la msiba wa watu asiowajua.

"Nieleze tena tulivyokutana," humwambia jioni, kwa nia njema kabisa, maana anataka kukumbuka. "Labda itarudi."

"Nilikuja kupaka rangi boti yako."

"Nani alikuita?"

Na hapo ndipo hadithi inapokwama. Hakuna njia ya kufika kwa Bi Mdogo isiyopita kwa Marehemu. Alijaribu kuiruka sehemu hiyo, hadithi ikawa haina mantiki. Mumewe hukunja uso, anapotea. Kwa hiyo ilibidi amtaje. Yeye, aliyepiga marufuku picha sebuleni, ndiye anayekaa kila jioni kwenye kochi na kusimulia habari za Marehemu. Alivyokuwa akitia nta uzi kwa kuupitisha kwenye meno. Alivyocheka. Mwanzoni alisimulia yale machache aliyoyajua, akiyabana kwa chuki. Lakini Nahodha husogea karibu, anaegemeza kidevu mkononi. Macho yake yale, ambayo yalikuwa yakisikiliza redio ya chumba cha pili, sasa yanamsikiliza yeye.

"Endelea. Halafu?"

Naye huendelea. Husimulia usiku ule wawili hao walipolala juu ya tanga jipya kwa kuwa chumba kilikuwa na joto. Husimulia jeraha alilopata Nahodha gotini, na nani alilishona, na kwa uzi gani, na alichomnong'oneza wakati wa kulishona. Huyasimulia yote kwa ufasaha, bila kusita.

Jana tu ndipo alipogundua kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia habari hizo.

Alinyamaza katikati ya sentensi. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, imetulia, ya uvuguvugu. Nahodha alikuwa akitabasamu, na lilikuwa tabasamu ambalo katika ndoa yao yote hakuwahi kumpa.

"Nampenda mwanamke huyo," alisema, akacheka kwa haya. "Usikasirike, dada. Nampenda tu jinsi unavyomsimulia. Yuko wapi sasa?"

Bi Mdogo alikusudia kujibu. Jibu lilikuwa fupi na la kweli: amekufa, hayupo, tuko wawili tu humu ndani. Lakini alisikia jingine likipanda kooni, bila haraka, likija na sauti ile tulivu iliyomwitikia kutoka omo. Akauma meno. Akayauma kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Nahodha alikuwa amemwinamia, anasubiri.

Taratibu, moja moja, meno ya Bi Mdogo yakaanza kuachana.